Ahmad bin Naaman Mjini New York, 1840: Habari za Mjumbe Asiyeacha Kitabu

Siku ya 30 Aprili 1840 iliingia katika bandari ya New York merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, jina lake Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka wa 1833. Ilikuwa imetoka Unguja mwezi wa Februari, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ndani yake alikuwamo Ahmad bin Naaman al-Kaabi, mmoja wa makatibu wa Sayyid, mtu mzima aliyekwisha kupita umri wa miaka hamsini. Alikuwa amekabidhiwa mambo matatu kwa mara moja: shehena ya kuuza, zawadi za kumpa Rais wa Marekani, na barua ya bwana wake. Safari hiyo imekwisha kusimuliwa, na mwaka wa 1962 Hermann Eilts, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwanadiplomasia wa Marekani, aliiandikia makala ndefu ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo la kila anayeitafiti. Habari za safari basi si haba. Lisilotazamwa vya kutosha ni hili: kwamba katika maandishi hayo yote kila mtu anasema juu ya Ahmad, na Ahmad mwenyewe karibu hasemi neno.

Kabla ya kuendelea yafaa kuuliza ni kwa jina gani mtu huyu aitwe. Waandishi wa Kiingereza wamemwita balozi, na wanaoandika Kiswahili wamewafuata bila kusita. Lakini neno balozi lina historia yake, na historia hiyo haimwafiki Ahmad. Asili yake ni neno la Kiveneti, bailo, lililokuwa cheo cha mkuu wa Waveneti waliokaa Istanbul, mwenye kuwaamua wafanyabiashara wa taifa lake na kuwasemea mbele ya Sultani. Waturuki waliligeuza kuwa balyoz. Kutoka kwao likapita kwa Waarabu wa Iraki na wa Ghuba, ambao walimwita hivyo mwakilishi wa nchi ya kigeni akaaye katika bandari zao, na kwa njia hiyo likafika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kiini cha maana yake ni kukaa. Balozi ni mgeni aliyewekwa mahali, akajulikana nyumba yake, akaendewa na wenye shida. Maana hiyo ya ukazi haikupotea hata baada ya neno kushuka daraja: pale chama cha TANU kilipopanga watu kwa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kiongozi wa kila kundi naye aliitwa balozi, kwa kuwa ni mkazi wa pale pale.

Ahmad hakukaa. Alikwenda, akatimiza neno alilotumwa, akarudi. Lugha ina jina la mtu wa namna hiyo, nalo ni la Kibantu na la zamani zaidi: mjumbe. Mjumbe hauawi, husema wazee, na kusema hivyo ni kukiri kwamba huyu asema ya mwingine, si yake. Balozi wa kweli kati ya nchi hizi mbili alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, aliyefika Unguja mwaka wa 1837 akiwa mwakilishi wa kwanza wa Marekani, akapanga nyumba, akagombana na watu, akapatana nao, na akaacha shajara na barua nyingi. Tofauti hii ya majina si ya kuchezea maneno tu. Mtu akimtarajia Ahmad awe balozi, ataona kwamba alifanya machache, kwani hakufanya mapatano yoyote wala hakufungua ofisi. Akimpima kwa kipimo cha mjumbe, hukumu itakuwa nyingine kabisa.

Yafaa pia kuondoa dai moja linalorudiwa kila mara, kwamba huyu ndiye mjumbe wa kwanza wa dola ya Kiarabu kufika Marekani. Sivyo. Sulayman Mellimelli, mjumbe wa Bey wa Tunis, alifika huko mwishoni mwa mwaka wa 1805, wakati wa urais wa Thomas Jefferson. Heshima ya Ahmad haihitaji kuongezewa kwa hesabu isiyo sahihi.

Sababu ya safari yenyewe ilianza miaka kumi na miwili nyuma. Mwanzoni mwa 1828 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire ambaye mali yake ilikuwa imepungua sana, alikutana na Sayyid Said huko Unguja akamlalamikia ushuru na usumbufu wa bandarini. Sayyid alimsikiliza, kwa kuwa naye alikuwa na haja zake: alitaka wanunuzi wasiokuwa Waingereza. Roberts alirudi kwao, akaishawishi serikali yake, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa sahihi Muscat. Wamarekani walipewa ruhusa ya kufanya biashara katika bandari zote za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5 tu wa mali iteremshwayo, na haki ya kuweka mabalozi. Wala mkataba haukuianzisha biashara hiyo, uliikuta. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 vyombo vya kigeni vilivyofika Unguja vilihesabiwa 41, na katika hivyo 32 vilikuwa vya Marekani.

Kisha likatokea jambo lililofunga urafiki kuliko karatasi. Mwaka wa 1835 manowari ya Marekani iitwayo Peacock, iliyomchukua Roberts kuja kubadilishana hati za mkataba, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia walilazimika kuitupa baharini baadhi ya mizinga yao ili meli ielee. Sayyid alipeleka msaada upesi, na mizinga ile baadaye akaiopoa na kuirudisha. Roberts alifariki Macao mwaka uliofuata, lakini kitabu chake cha safari za Cochin-China, Siam na Muscat kilichapishwa mwaka wa 1837. Ndani yake Wamarekani walisoma tafsiri ya barua ya Sayyid kwa Rais Andrew Jackson, iliyojaa sifa na unyenyekevu wa kikatibu. Msomaji ajuaye insha za Kiarabu za karne hiyo hupita juu ya maneno kama hayo bila kusimama, kwa kuwa ni adabu ya ufunguzi, sawa na mtu apigaye hodi. Kwa Kiingereza yalisomeka kama maneno ya mtu aliyepumbazwa na fahari ya mwenzake. Hapa ndipo lilipoanza kosa ambalo Ahmad alikuja kulikuta New York likiwa limekwisha kumea: dhana ya kwamba watu wa Mashariki husema sana na kufikiri kidogo.

Roberts basi aliacha kitabu. Waters aliacha shajara. Hata Sandwith Drinker wa Philadelphia, nahodha aliyeajiriwa kuirudisha Sultana nyumbani, aliandika shajara yake njiani, nayo imechapishwa. Ahmad alikuwa katibu, yaani mtu ambaye kalamu ilikuwa ndiyo kazi yake, na ndiye pekee katika hao wanne asiyeacha kitabu cha mawazo yake. Si kwamba hakujua. Ni kwamba katika elimu aliyolelewa nayo katibu wa mfalme huandika barua za bwana wake na hesabu za mali ya bwana wake. Fikira zake mwenyewe juu ya nchi za watu si kitu cha kutiwa wino, labda akiwa mwanachuoni msafiri au mhaji. Mtafiti anayetaka kujua Ahmad alifikiri nini hana budi kutazama alivyotenda. Na katika kutazama huko pana hatari: ni rahisi mno kumtilia mtu kimya maneno mdomoni, ya fahari au ya uchungu, kwa kadiri ya matakwa ya msimulizi.

Yanayojulikana ya matendo yake ni haya. Shehena aliyoichukua ilikuwa ya namna mbili. Kutoka Muscat zilitoka tende, mazulia ya Kiajemi na kahawa ya Mokha. Kutoka Unguja zilitoka pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Mpango huu wahitaji kutazamwa. Pembe, sandarusi na ngozi ndivyo vitu ambavyo wafanyabiashara wa Salem walivichukua Unguja kwa merikebu zao wenyewe, na faida ya njiani ikawa yao. Kuvipeleka kwa merikebu ya Sayyid mpaka New York, bandari ambayo si ya watu wa Salem, kulikuwa ni kujaribu kama faida ile yaweza kubaki kwa mwenye mali. Watu wa Salem waliokuwa na masikio waliisikia habari hii kwa wasiwasi. Kazi ya kwanza ya Ahmad basi ilikuwa kuuza vizuri bila kuwaudhi wale ambao Unguja ingewategemea mwaka unaofuata, na kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu aliifanya kwa njia ya mawakala wa mjini.

Kazi ya pili ilikuwa zawadi, na hapa alikutana na jambo ambalo hakuna mtu wa Unguja angaliweza kumtayarisha kwalo. Zilikuwamo farasi dume wawili wa Kiarabu, lulu, upanga wa kupambwa kwa dhahabu, shali, zulia na mafuta ya waridi. Katiba ya Marekani yakataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni pasipo idhini ya Kongresi. Rais Martin Van Buren alikuwa amekwisha kupata taabu ya namna hiyo, kwa kuwa mwaka wa 1839 mwakilishi wa Marekani mjini Tangier alishurutishwa kupokea simba wawili waliotoka kwa Sultani wa Morocco. Simba aweza kusingiziwa kuwa ni mzaha. Farasi wa Sayyid hawakuwa mzaha. Kwa adabu za mabaraza ya Bahari ya Hindi, zawadi iliyokataliwa ni urafiki uliokataliwa, na mjumbe anayerudi nazo arudi na aibu iliyo wazi machoni pa watu. Rais kwa upande wake hakuwa na uwezo wa kusema ndiyo.

Njia iliyopatikana yastahili kuangaliwa na kila mwenye kusoma habari za wajumbe. Zawadi hazikukataliwa wala hazikupokewa na Rais. Jambo zima lilipelekwa mbele ya Kongresi, nayo kwa azimio la Julai 1840 ikaruhusu vitu vile vichukuliwe kwa jina la taifa, farasi wakauzwa kwa mnada, na fedha zikaingia Hazina. Baadhi ya vitu vingine vilihifadhiwa na serikali. Kwa Mmarekani wa siku hizo huo ulikuwa ushindi wa sheria. Kwa mtu wa baraza la Unguja, kuuza farasi wa mfalme mnadani ni jambo lisilotamkika. Ahmad alikuwako mjini wakati huo wote. Angaliweza kuhamaki, au kuondoka mapema, au kumwandikia bwana wake kwamba wametukanwa, na urafiki wa nchi mbili ukaharibika kwa sababu ya ibara moja ya Katiba ambayo hakuwa na haja ya kuijua. Hakufanya hivyo, bali alingoja mpaka shughuli ikaisha, na uhusiano ukaendelea bila ufa. Kama pana mahali ambapo fikira zake zasomeka, ni hapo: alikwisha kutambua kwamba nchi hii humpa mkubwa wake mamlaka madogo kuliko jina lake, na kwamba asiyeweza kupokea si lazima awe amekataa. Utambuzi huo si mdogo. Kuna wajumbe wa karne yetu ambao hawakuufikia.

Kadhalika hakosi kusifiwa kwa namna alivyopokea ukarimu. Jeshi la Maji la Marekani liliichukua Sultana katika gudi lake la Brooklyn na kuitengeneza kwa gharama ya serikali, kwa kuwa ilikuwa imechakaa njiani. Akumbukaye habari ya Peacock hataona ajabu. Baraza la mji lilimzungusha Ahmad kuona mambo yake, na mchoraji Edward Mooney alimchora picha ambayo nakala zake zaonekana katika vitabu vingi. Ndani ya picha hiyo ameketi mtu wa kilemba na joho, ndevu zake nzuri, macho yametulia, wala hana dalili ya kushangaa wala ya kushangaza. Ni vema picha hiyo ipo, kwani magazeti ya mji yaliandika kwa roho nyingine. Umati ulikusanyika gatini kila siku kuwatazama mabaharia kana kwamba wameletwa kwa maonyesho. Unahodha wa safari ya kwenda ulikuwa wa Mwingereza, William Sleeman, mpenda pombe, hivyo kwamba katika chombo chote mlevi mashuhuri alikuwa ndiye Mkristo. Lakini jambo hili halikuwapendeza sana waliotaka kuandika juu ya ushenzi.

Kuhusu mabaharia pana neno zaidi la kusema, na ndilo linalowahusu hasa wasomaji wa Kiswahili. Watu wa Sultana walikuwa mchanganyiko wa Waarabu, Wahindi na Waafrika, na yaelekea sana kwamba miongoni mwao walikuwamo watumwa, kwa kuwa ndivyo vyombo vya Unguja vilivyoendeshwa siku zile. Walifunga gati katika jimbo ambalo lilikuwa limekomesha utumwa tangu tarehe 4 Julai 1827, ndani ya nchi ambayo nusu yake iliishi kwa utumwa. Isitoshe, mwaka huo huo Waafrika wa merikebu Amistad walikuwa bado wamezuiliwa katika jimbo jirani la Connecticut, wakingoja mahakama iamue kama wao ni watu au mali. Walikuwa Wamende wa Afrika ya Magharibi, na mwanzoni hakuna aliyeelewa lugha yao. Josiah Gibbs, mwanazuoni wa lugha wa chuo cha Yale, alijifunza kwao kuhesabu moja mpaka kumi, kisha mwaka wa 1839 akaenda kutembea katika magati ya New York akihesabu kwa sauti, mpaka baharia mmoja, James Covey, akageuka kwa kuisikia lugha ya kwao. Kwa njia hiyo mahabusi wale wakapata mkalimani na ulimwengu ukapata habari yao.

Miezi michache tu baadaye, katika magati yale yale, Kiswahili kilikuwa kikisemwa juu ya sitaha ya Sultana kutoka asubuhi mpaka usiku. Hakutokea Gibbs wa pili. Barua za dola zilikuwa za Kiarabu, majibu na magazeti ya Kiingereza, na lugha ambayo kazi yenyewe ya chombo ilifanywa kwayo haikuingia katika karatasi yoyote ya ubalozi huo. Mabaharia hawakuwa na kesi mahakamani. Hakuna aliyehitaji kuwaelewa. Wajumbe walikuwa na wakalimani, na wabeba mizigo wa wajumbe walitazamwa tu. Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa miaka hiyo Kiswahili kilikuwa bado hakijaandikiwa sarufi hata moja kwa lugha za Ulaya. Henry Salt alikuwa amechapisha maneno machache mwaka wa 1814. Ludwig Krapf hakufika pwani mpaka mwaka wa 1844, na muhtasari wake wa sarufi ulitoka 1850. Kati yao hao wawili yumo mtu ambaye hutajwa kwa nadra: Samuel Masury, ambaye msamiati wake wa Kiswahili ulichapishwa mwaka wa 1845 na chuo cha wanazuoni wa Massachusetts. Kazi hiyo ilizaliwa na biashara ya Salem. Biashara iliyomleta Ahmad kimya ndiyo iliyokipeleka Kiswahili Marekani kwa maandishi, ila kwa mkono wa watu wengine.

Wasafiri wenye kusema wenyewe kwa Kiswahili walikuja baadaye sana. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, na Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka wa 1896, waliandika waliyoyaona kwa lugha yao, na habari za Selim zilitiwa na Carl Velten katika kitabu chake cha safari za Waswahili cha mwaka wa 1901. Hao hawakuwa wajumbe wa mtu. Selim alifuatana na Mzungu kama mtumishi wake, na huenda ndiyo sababu ulimi wake ni mwepesi: hakuchukua heshima ya dola mabegani, basi aliweza kustaajabu, kucheka na kulalamikia baridi. Ahmad hakuwa na ruhusa hiyo. Kila alichokisema mjini New York kingehesabiwa kuwa kimesemwa na Sayyid Said, na aliyajua hayo kuliko wote waliomzunguka.

Sultana iling'oa nanga mwezi wa Agosti 1840, safari hii chini ya Drinker. Ndani yake zilikuwamo zawadi za serikali ya Marekani kwa Sayyid, pamoja na mashua ya fahari na silaha za mtindo mpya, na shehena ambayo Ahmad aliinunua kwa mauzo yake: shanga, bunduki, baruti, vyombo vya mezani, na zaidi ya yote marobota ya kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Marekani. Katika uchaguzi wa mali hiyo hamna dalili ya mtu aliyelewa na maajabu ya mji mgeni. Vyote ni vitu ambavyo misafara ya bara ilivitaka, na kitambaa hasa kilikuwa kimekwisha kuanza kushindana na kile cha Kihindi. Baada ya muda kikawa ndicho kipimo cha thamani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kikalipa wapagazi na hongo za watawala. Watu walikiita kwa jina la nchi kilikotoka, merikani, na wengi wa waliokivaa hawakujua kwamba hilo ni jina la nchi.

Chombo kilitia nanga Unguja mwezi wa Desemba 1840. Sayyid aliridhika kiasi cha kutosha kujaribu tena upande mwingine: Ali bin Nasir, ambaye alikwisha kupelekwa London mwaka wa 1838, alitumwa huko mara ya pili mwaka wa 1842, naye akakuta kazi ngumu zaidi, maana Waingereza walitaka kuzungumza habari za watumwa wala si za karafuu, na mwisho wake ukawa mkataba wa 1845. Ahmad alirudi kwenye barua na hesabu za bwana wake.